Soma Sahani Kabla ya Kuipiga

Maneno ya leo nayapeleka kwa wapenzi wa zilipendwa, na hasa kwa vijana ambao siku hizi nawaona wameinama juu ya masanduku ya sahani za santuri zilizokwisha kutumika, wakipekua moja moja. Nina ombi moja kwao. Sahani ikifika mkononi, isomwe kwanza. Isomwe lebo, isomwe bahasha, yasomwe hata maandishi ya kalamu aliyoyaacha mwenyewe wa zamani. Wimbo utausikiliza, hilo halina shaka, na pengine tayari unao kwenye simu. Ila huko kwenye simu mara nyingi umebandikwa jina la bendi lililokosewa, mwaka wa kubahatisha, na picha ya watu wengine kabisa. Habari zake zimebaki kwenye karatasi ile ya duara katikati ya sahani, na karatasi hizo zinazidi kupotea.

Tuanzie Nairobi, Kenyatta Market. Watu wengi huenda kule kwa mambo mawili, nyama choma na kusukwa nywele. Akina dada wa ususi wanakuita tangu nje, moshi wa mbavu unakufuata hadi ndani, na huko ndani, katika vichochoro vya vibanda, ndiko ziliko sahani, zimepangwa kutoka sakafuni hadi juu. Ukianza na zile kubwa za inchi 12 utajua mengi kuhusu sebule za mji huu za miaka ya 1960 na 1970. Jim Reeves yumo kwa wingi. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, karibu na Nashville huko Marekani, lakini huku kwetu aliendelea kuimba kila Jumapili asubuhi, na sijui nyumba ya mtu wa rika langu iliyokuwa na gramafoni ikamkosa. Yumo Skeeter Davis, wamo Boney M na ABBA, yumo Franco na TPOK Jazz, yumo Miriam Makeba, zimo kwaya za makanisa. Anayefikiri baba zetu walikuwa watu wa rumba peke yake hajapekua sanduku.

Sahani hizi kubwa ndizo zenye majalada ya kuvutia macho. Zamani sahani ilivaa karatasi ya kaki tu, hadi kijana mmoja wa New York, Alex Steinweiss, aliyekuwa mchoraji wa kampuni ya Columbia, alipowashawishi wakubwa wake karibu mwaka 1940 kwamba jalada linastahili kuchorwa. Kutoka hapo jalada likawa uwanja wa sanaa, lenye upana wa zaidi ya sentimita 30 kila upande. Kwa Afrika sioni aliyeutumia uwanja huo kwa ushujaa kuliko Lemi Ghariokwu wa Lagos, aliyemchorea mwanamuziki Fela Kuti majalada 26. Alianza na Alagbon Close, mwaka 1974, akiwa kijana mdogo bado. Likikuangukia mkononi jalada la Beasts of No Nation la mwaka 1989, usilipite haraka. Wamo Reagan wa Marekani, Thatcher wa Uingereza na Botha wa Afrika Kusini, wameota pembe vichwani. Fela aliimba hasira yake, na Lemi akaipa sura, hata asiyejua neno moja la Kiingereza cha mitaa ya Lagos akajua ugomvi ni wa nani na nani.

Sasa sogea kwenye masanduku ya sahani ndogo, zile za inchi 7, za mizunguko 45 kwa dakika. Huku ndiko uliko muziki wetu wenyewe, na utaona kwamba majalada yametoweka. Kila sahani imo ndani ya bahasha nyembamba yenye tundu la duara katikati, na bahasha imechapishwa jina la kampuni, si la mwimbaji. Sababu ilikuwa fedha. Sahani kubwa ilikuwa ghali, mtu wa mshahara mdogo hakuimudu kila mwezi. Bendi ikirekodi, kampuni ilitoa wimbo mmoja au nyimbo mbili kwenye sahani ndogo, ikaitia kwenye bahasha ileile iliyowavisha wanamuziki wake wote, ikaipeleka madukani na kwenye mabaa. Ndiyo maana kuna waimbaji ambao sauti zao zilijulikana kutoka Kisumu hadi Mtwara na mtu angeweza kukaa nao kwenye matatu moja asiwatambue.

Kwa hiyo sanaa yetu ya picha ilijibana kwenye lebo, ndani ya duara lisilozidi kiganja cha mkono. Rangi, nembo, herufi, vyote humo. Na pamoja na urembo huo, maelezo: jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi, namba ya kampuni, mara nyingine aina ya mdundo, na kwenye zile za zamani zaidi, lugha ya wimbo.

Hizo za zamani zaidi ni zile nzito za mizunguko 78. Ukibahatika kuipata moja yenye picha ya mbwa anayetega sikio mbele ya tarumbeta la gramafoni, ishike kwa mikono miwili. Mbwa yule aliitwa Nipper, alichorwa Uingereza na Francis Barraud mwishoni mwa karne ya 19, na akawa nembo ya His Master's Voice. Ni kampuni hiyo iliyomsafirisha Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928, wakarekodi taarabu kwa Kiswahili. Fikirini jambo hilo. Mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliyewahi kutembeza vyungu akiuza, sauti yake ikavuka bahari na kurudi imeganda kwenye sahani, ikauzwa pwani nzima na bara. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na ni vyema mtu ausome. Lakini sahani yenyewe ina habari nyingine isiyo kwenye kitabu. Inakuonyesha kwamba katika miaka hiyo ya ukoloni, kampuni ya London iliona faida kuchapa Kiswahili kwa ajili ya wanunuzi wa Kiswahili. Tulikuwa soko, na tulikuwa na fedha za kununulia raha yetu.

Katika masanduku hayohayo ya 78 hutokea lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini, na ukiona juu yake jina la Mwenda Jean Bosco, usiiache. Huyu ni mpiga gitaa wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na wimbo wake Masanga ukamfanya kila kijana mwenye gitaa, kuanzia Lubumbashi hadi Nairobi, ajaribu kuchezesha kidole gumba na cha shahada kama yeye. Baadaye alikuja kukaa Nairobi kwa muda, akipiga gitaa redioni kutangaza vidonge vya Aspro. Wapo wazee wanaomkumbuka kwa vidonge hivyo kuliko kwa jina lake.

Nije kwenye wimbo ambao kila mmoja wenu anaujua. Malaika. Natamani kijana mmoja achukue kazi ya kukusanya sahani zote za Malaika anazoweza kuzipata katika masoko yetu, kwa kuwa kazi hiyo ingemfundisha zaidi ya darasa zima la historia ya muziki. Ataipata ya Fadhili William, aliyeirekodi Nairobi katika miaka ya 1960, yenye lebo ya Equator ya Charles Worrod. Ataipata ya Miriam Makeba na Harry Belafonte kwenye sahani kubwa ya mwaka 1965. Ataipata ya Boney M ya mwaka 1981. Kisha azipange mezani na asome jambo moja tu, mstari wa mtunzi. Fadhili William ndiye aliyetambuliwa na wengi, lakini Adam Salim naye alidai mpaka mwisho kwamba wimbo ni wake, na wapo wengine waliotajwa. Ugomvi huo haujaisha, na mimi sitaumaliza leo. Ninachosema ni kwamba fedha za wimbo zilifuata jina lililochapwa pale chini ya kichwa cha wimbo, kwa herufi ndogo kuliko zote. Mtu alikuwa tajiri au maskini kwa mstari huo. Lebo si hakimu, ila ni shahidi aliyekuwepo siku ile, na shahidi wa namna hiyo hatupwi.

Daudi Kabaka naye anafaa kutafutwa hivyohivyo. Helule Helule yake ilipigwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968 ikaingia kwenye chati za huko, na katika sanduku moja la mitumba unaweza kukuta Kabaka na Waingereza hao wamekaa bega kwa bega, aliyekuja nao hajui kwamba ni wimbo mmoja.

Sasa nizungumze na wasikilizaji wa Tanzania, kwa maana jambo lenu katika sahani hizi lina uchungu wake. Bendi za Dar es Salaam, Morogoro na Tabora zilirekodi Radio Tanzania, kwenye mikanda, kwa ajili ya kurushwa hewani. Kiwanda cha kutengenezea sahani hakikuwepo nchini. Wimbo uliotaka kuwa sahani ulilazimika kwenda Nairobi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania unaouzwa leo kwenye mitumba una lebo za kampuni za Kenya. Mpaka wa nchi hizi mbili ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukakaa umefungwa hadi 1983, njia ya sahani nayo ikaota majani. Kuna nyimbo zilizopendwa Tanzania nzima ambazo mwenye kuzipenda hakuwahi kuzishika mkononi. Alizisikia redioni, basi.

Mbaraka Mwinshehe alikuwa mtu wa pande zote mbili. Akiwa na Morogoro Jazz alienda na gitaa lake hadi maonyesho ya Osaka mwaka 1970, baadaye akatoka akaunda Super Volcano, akafa kwa ajali ya gari Mombasa mnamo Januari 1979. Baada ya kifo chake nyimbo zake zilikusanywa kwenye sahani kubwa zilizotolewa Kenya kwa mfululizo ulioitwa Ukumbusho, zenye lebo ya Polydor. Muuzaji akikutolea moja ya hizo, bei itakuwa ya juu, na hana makosa. Wanunuzi wa Ulaya na Japani wamezitafuta miaka mingi na wamebeba nyingi. Siwalaumu. Kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka 2013, Buda Musique ya Ufaransa ina mfululizo wake wa Zanzibara, na waliozifanya kazi hizo walikaa wakasoma lebo kwa bidii, wakawatafuta wanamuziki, wakaandika vijitabu vya maelezo. Vijitabu hivyo ni vya Kiingereza na Kifaransa. Hapo ndipo roho inaponiuma, maana watu wanaosimuliwa humo walitunga kwa Kiswahili, na watoto wao wanasoma Kiswahili.

Lebo pia inakutenganishia ndugu. Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakafika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakajitenga wakaunda Les Wanyika, ndio waliotupa wimbo wa Sina Makosa. Issa Juma, ambaye sauti yake imo humo, baadaye akawa na Super Wanyika yake. Gitaa ni la shule moja, tempo ni moja, na mtu asiyesoma lebo atazitia zote kwenye kapu moja aseme ni Wanyika. Mwenye sahani mkononi hakosei. Bendi imeandikwa, mtunzi ameandikwa, namba ya kampuni inaonyesha ipi ilitangulia ipi.

Na tafadhali, ukiona imeandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, geuza. Sahani ya 45 ilibeba dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo wa bendi uliokuwa mrefu ukumbini ulikatwa katikati. Upande wa kwanza una maneno: kisa, malalamiko, jina la mpenzi. Upande wa pili una chemko, pale magitaa yanapoachiwa na saksafoni zinapojibizana. Sisi watangazaji, kwa kubanwa na saa, tulizoea kupiga upande wa kwanza na kwenda kwenye salamu. Wapo wasikilizaji waliokua wakijua nusu ya wimbo, na nusu waliyoikosa ndiyo iliyokuwa ikiinua watu vitini pale dansini. Kama kuna zawadi kwenye masanduku yale, ni hizo pande za pili.

Sijagusa maandishi ya wenyewe. Watu walikuwa wakiazimana sahani, na sahani iliyoazimwa ilikuwa na tabia ya kutorudi, kwa hiyo waliandika majina yao. Nimekuta jina la mume na mke pamoja na tarehe ya harusi yao. Nimekuta jina la baa, lenye mhuri, na sahani yenyewe imelika upande mmoja tu kwa kupigwa. Nimekuta mhuri wa duka la Mombasa juu ya sahani iliyookotwa Nakuru. Wanunuzi wengine huona hayo ni uchafu unaoshusha bei. Mimi huona ndiyo yanayonieleza wimbo uliishi wapi. Msiyafute.

Kuhusu kununua kwenyewe nitasema machache. Itoe sahani kwenye bahasha, ielekeze kwenye mwanga, uitazame kwa mshazari. Mkwaruzo mwembamba unaoonekana tu haudhuru sana, lakini ule ambao ukucha unanasa, sindano nayo itanasa. Itazame kwa ubavu kama imepinda, kwa kuwa sahani iliyoachwa juani au kwenye gari huwa imepinda kabisa. Zihifadhi zikiwa zimesimama, usizilaze moja juu ya nyingine. Za plastiki zioshe kwa maji na sabuni kidogo, ukiilinda lebo isilowe, maana ukiiharibu lebo umepoteza nusu ya ulichonunua. Zile za 78 zina shelaki, utomvu wa wadudu wa India, na hizo usiziguse kwa spiriti hata siku moja. Spiriti huiyeyusha shelaki, na sauti itaondoka pamoja na vumbi. Pia huvunjika kirahisi, kwa hiyo mtoto asipewe azibebe.

Muuzaji naye mpe muda. Wengi wa wazee walio na vibanda hivi walianza wakati kaseti zilipokuwa zinaua sahani, katika miaka ya 1980, watu wakitupa magunia mazima. Wao waliokota. Ukikaa naye, mwulize, "Mzee, hii ilitoka nyumba gani?" Hatakutajia jina, na si lazima. Atakuambia kama ilikuja na sahani nyingine, kama mwenyewe alikuwa mwalimu au dereva wa reli, kama watoto ndio waliouza baada ya msiba. Andika.

Limebaki jambo moja ambalo hata lebo haina. Lebo inataja bendi na inataja mtunzi. Haimtaji mpiga besi. Haimtaji wa tumba, wala wa rhythm, wala vijana watatu waliopuliza saksafoni na tarumbeta. Wapo walio hai bado. Wapo Tanga, wapo Kariakoo, wapo Kisumu, wapo Lubumbashi, na inawezekana kabisa mmoja ananisikiliza sasa hivi, ameketi na wajukuu wasiojua kwamba zile nyuzi za chini zinazotembea kwenye wimbo wa harusi ya jirani ni za vidole vyake. Kama ni wewe, au kama ni baba yako, tuandikie hapa studio. Taja sahani, taja upande, utuambie nani alipiga nini na siku ile mlirekodi wapi. Tutasoma majina hayo hewani, taratibu, ili mwenye sahani hiyo nyumbani apate nafasi ya kuyaandika nyuma ya bahasha.